Kabla hujampa kaka TIN yako

 

Wiki mbili sijaandika kitu, testi zilikuwa zimetubana kweli kweli. Leo nataka tuongelee kodi ya mapato. Najua ukisikia neno hilo tu mkono unaenda kufunga ukurasa. Subiri kwanza. Siongelei kodi ya wafanyabiashara wa Kariakoo wala ya makampuni. Naongelea kodi ya yule mwalimu wa shule binafsi pale Bariadi anayelipwa laki nne na nusu, ya dada mwenye saluni Somanda, ya mshkaji wa stationari karibu na stendi, na ya wewe hapo hosteli ambaye TIN yako ipo lakini hujui inafanya nini huko iliko.

Hiyo ya mwisho ndo imenifanya niandike.

Kuna jamaa yangu mmoja tumetoka wote Bariadi, tukaja wote huku Dodoma kusoma, yeye kanitangulia mwaka mmoja. Jina simtaji, mwenyewe akisoma atajijua. Alipomaliza kidato cha sita, akiwa nyumbani anasubiri majibu, kaka yake mkubwa alitaka kufungua stationari. Kaka ni mtumishi wa serikali, hakutaka jina lake lionekane kwenye biashara. Akamwambia mdogo wake, "Wewe una namba ya NIDA, kachukue TIN, leseni tuandike jina lako." Dogo akaenda. Ukiambiwa na kaka aliyekulipia ada tangu fomu wani unakataaje? Stationari ikafunguliwa, mashine ya fotokopi ikaja, makadirio yakafanyika kwa jina la dogo. Miezi kadhaa baadaye dogo kaja chuo. Biashara ikayumba, kaka akafunga mlango, mashine akauza, maisha yakaendelea.

Ila TIN haikufungwa. Hakuna aliyeandika barua kwamba biashara imekufa. Sasa jamaa kamaliza chuo, ajira ndo hizo mnazozijua, akaamua afungue kibanda chake cha uwakala na vifaa vya simu. Kaenda kufuatilia leseni, anaambiwa alete cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi. Kuangalia kwenye mfumo: anadaiwa. Miaka mitatu ya makadirio ya duka ambalo hakuwahi kuuza hata peni moja, na adhabu juu yake. Kaka akipigiwa simu anasema, "Nitaangalia mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi upi, hakuna ajuaye.

Watu mtasema serikali imemwonea. Mimi naona mfumo umefanya kile ulichoambiwa: uliambiwa kuna duka la huyu kijana, haukuambiwa limefungwa. Lawama yangu naiweka kwenye tabia yetu ya kukopeshana majina kama tunavyokopeshana baiskeli. Huko kwetu kijana mwenye namba ya NIDA na asiye na kazi ndiye anayetafutwa na kila shemeji, anko na kaka mwenye biashara anayotaka ijulikane ni ya mtu mwingine. Faida anachukua mkubwa, deni linabaki kwa mdogo. Na mdogo hawezi kuuliza, kwa sababu heshima.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Mimi nasoma uhasibu mwaka wa tatu, likizo nikienda nyumbani watu wananiletea makaratasi yao. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Mimi nimeajiriwa, natakiwa kujaza ritani?" Wengi wamesoma mitandaoni mambo ya Wakenya wakaingiwa na hofu. Kule Kenya kila mwenye PIN ya KRA anatakiwa kuwasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu, na akichelewa faini yake inaanzia shilingi 2,000 za kwao. Ndo maana kila Juni mitandao yao inawaka moto. Sisi sheria yetu ni nyingine. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mfanyakazi ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja, na mwajiri anamkata PAYE kama inavyotakiwa, halazimiki kuwasilisha ritani ya mwaka labda Kamishna amwombe. Mwajiri ndiye anayekata, na ndiye anayepeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Watu wakisikia hivyo wanashusha pumzi, wanasahau kabisa. Na mimi naona hapo ndo tatizo linapoanzia. Kwa kuwa hatujazi chochote, hatujui chochote. Kijana anafanya kazi miaka mitano, hajawahi kujua amelipa kodi shilingi ngapi. Tozo za miamala zilipokuja Julai 2021 tulipiga kelele nchi nzima mpaka zikapunguzwa, kwa sababu zilikuwa zinaonekana kwenye meseji ya simu. Kodi ya mshahara haitumi meseji.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafundisha shule moja ya binafsi mkoani kwetu, shule siitaji. Mshahara laki nne na nusu. Kila mwezi anakatwa elfu 30 ya "kodi", ukiacha NSSF. Nikamwambia, dada, leta kalamu.

Viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 viko hivi: shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8 ya kile kilichozidi. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi, halafu asilimia 25, na juu ya milioni moja asilimia 30. Lakini kabla ya kuanza hesabu hiyo unatoa kwanza mchango wako wa hifadhi ya jamii. Dada anachangia NSSF asilimia 10, yaani 45,000. Inabaki 405,000. Toa 270,000, inabaki 135,000. Asilimia 8 yake ni 10,800.

Elfu kumi na mia nane! Na yeye anakatwa elfu 30. Tofauti ni 19,200 kwa mwezi, kwa mwaka 230,400. Hiyo kwetu ni mbuzi kadhaa bwana. Hata kama mhasibu wa shule angesahau kutoa NSSF kwanza, kodi ingekuwa 14,400, bado isingefika elfu 30. Namba ya mviringo namna hiyo inayokaa vile vile mwaka mzima inatia shaka yenyewe. Kodi ya asilimia huwa haitoki mviringo mara nyingi.

Nikamuuliza, hiyo hela inakwenda wapi? Akasema alishawahi kuuliza, akajibiwa "hayo ni mambo ya ofisi." Slipu ya mshahara hapewi, anasaini kwenye daftari kubwa na anafunikiwa majina ya wenzake kwa karatasi.

Sasa hapa kuna kitu ambacho nadhani kila kijana mwenye ajira angekijua mambo yangebadilika. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya kodi iliyozuiliwa: karatasi inayoonyesha mwaka mzima ulilipwa kiasi gani na ulikatwa kodi kiasi gani. Inatakiwa iwe mikononi mwako kufikia tarehe 30 Januari ya mwaka unaofuata, na ukiacha kazi katikati, ndani ya siku 30 tangu uondoke. Ni wajibu wa mwajiri, huhitaji kuinama wala kupiga magoti. Nimewauliza watu wengi walioajiriwa, humu Dodoma na kule Simiyu, kama wamewahi kuiona. Jibu ni kicheko.

Hiyo karatasi ndo ritani ya mfanyakazi mdogo, kwa mtazamo wangu. Kodi iliyokatwa kwenye mshahara wako inahesabika umelipa wewe, mwajiri ni mpelekaji tu. Sasa kama mpelekaji ameiweka mfukoni, wewe utathibitishaje kwamba ulikatwa? Kwa daftari lililofunikwa karatasi? Na kwa sisi tuliokula boom la Bodi ya Mikopo jambo ni zito zaidi, maana kuna asilimia 15 ya mshahara inayokatwa kulipa mkopo. Kwa huyo wa laki nne na nusu ni 67,500 kila mwezi. Ukikatwa na isifike, deni lako Bodi liko pale pale linakusubiri. Mshahara wa dada ukiweka makato hayo yote kwa hesabu sahihi, NSSF 45,000, PAYE 10,800 na mkopo 67,500, anabaki na 326,700. Kila mtu afanye hesabu yake mwenyewe usiku mmoja, haichukui hata nusu saa. Chama cha wafanyakazi, mhasibu, mkuu wa shule, wote unaweza kuwafuata ukiwa na namba. Bila namba unaonekana mlalamishi.

Kundi la pili ni wenye biashara ndogo. Hapa kuna pesa inapotea kizembe, na kinachoipoteza ni kukosa daftari la shilingi elfu moja.

Kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 100, kodi inakadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa utaratibu uliopangwa kwenye Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kodi yake ni sifuri. Kati ya milioni 4 na milioni 7 kuna njia mbili. Ukiwa huna kumbukumbu, unalipa 100,000, basi. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Tumchukue dada wa saluni. Kwa siku anaingiza 15,000, anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Ni milioni 4 na nusu. Akiwa na daftari analoandika kila kichwa alichosuka, kodi yake ni asilimia 3 ya laki tano: 15,000. Kwa mwaka mzima! Mauzo ya siku moja. Asipokuwa na daftari: laki moja. Anaingiza 13,000 kwa siku? Hiyo ni milioni 3.9, hadaiwi kitu. Wa stationari anayeuza 20,000 kwa siku anafika milioni 6, kwa daftari analipa 60,000, bila daftari laki moja. Yaani daftari na peni vinakulipa mshahara. Halafu usilitupe mwaka ukiisha, kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe miaka mitano.

Na hayo makadirio ni mazungumzo. Unakaa mbele ya ofisa, anakuuliza unauza kiasi gani kwa siku. Hapa vijana wenzangu mna ugonjwa. Kuna anayejikweza kwa sababu nyuma yake wamepanga foleni watu anaowafahamu, anasema "siku nzuri natoa hata laki." Ofisa anaandika laki. Kuna mwingine anasema anauza elfu mbili, na nje amepaki pikipiki mpya. Wote wawili wanaondoka wananung'unika. Mwenye daftari anafungua daftari.

Tarehe zenyewe ni hizi: makadirio ya mwaka yanafanyika kufikia 31 Machi, na kodi inagawanywa mara nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani kamili yenye hesabu, kwa mtu binafsi ambaye mwaka wake wa mapato ni Januari mpaka Desemba, mwisho wake ni miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani 30 Juni. Hiyo ni kwa waliozidi milioni 100, na kwa wale ambao kipato chao hakiingii kwenye lile jedwali la makadirio.

Na ni akina nani hawaingii? Hapa wengi hawapajui. Jedwali lile limeandikwa kwa mtu ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara. Sasa mwalimu mwenye saluni? Nesi mwenye duka la dawa baridi? Mtendaji mwenye pikipiki tatu barabarani? Huyo ana mshahara na ana biashara. Ule msamaha wa kutojaza ritani uliwekwa kwa mwenye mshahara peke yake, na lile jedwali liliwekwa kwa mwenye biashara peke yake. Yeye yuko katikati. Huyo ndiye kijana wa Simiyu hasa, maana kwetu mshahara peke yake hauli mpaka tarehe 20. Na mwenye ajira mbili pia, mshahara wa ile ajira ya pili unakatwa asilimia 30 moja kwa moja, ajue mapema asije akadhani ameibiwa.

Ndo maana kaka wa yule jamaa yangu alikimbilia jina la mdogo wake. Sitaki kumtetea, ila nadhani kama mtu angemwelekeza kwamba mtumishi anaweza kutangaza biashara yake, akajaza ritani moja inayojumlisha mshahara na duka, na PAYE aliyokwisha kukatwa ikatolewa kwenye kodi inayodaiwa, labda dogo angekuwa salama. Labda. Kuna ambao wanaficha makusudi, hao hata ukiwaelekeza.

Adhabu nazo tuzijue. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 iliweka kwamba mtu binafsi asiyewasilisha ritani au makadirio kwa wakati atozwe, kwa kila mwezi, asilimia 2.5 ya kodi inayodaiwa au pointi tano za fedha, kile kilicho kikubwa. Sheria hiyo ilipotungwa pointi moja ilikuwa shilingi 15,000, kwa hiyo tano ni 75,000. Kwa mwezi mmoja! Mrudie dada wa saluni ambaye kodi yake ya mwaka ni 15,000. Akichelewa mwezi mmoja kwa hesabu hiyo, adhabu ni mara tano ya kodi yenyewe. Hapa sikubaliani na sheria, na nasema wazi. Adhabu ya kiwango kimoja kwa anayedaiwa elfu 15 na kwa anayedaiwa milioni mbili haimfundishi mdogo kulipa, inamfundisha kujificha. Ningeiandika mimi, adhabu ya mdogo isingezidi kodi anayodaiwa.

Kuna jambo jingine la kwetu. Tarehe 31 Machi mtu wa Bariadi ana nini mfukoni? Hana kitu! Machi pamba iko shambani, watu wanapalilia na kupiga dawa, debe la mahindi limepanda bei. Pesa inaingia Simiyu msimu wa kuuza pamba unapofunguliwa, kuanzia Mei hivi. Hapo ndo saluni zinajaa, harusi zinafungwa, pikipiki zinanunuliwa, fundi simu hapumui. Desemba imebaki kumbukumbu tu. Awamu nne zinazolingana zinamfaa mwenye duka la Dar ambaye Machi na Agosti kwake ni sawa sawa. Kwa mkoa wetu, ambao ulianzishwa 2012 na ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 na laki moja, wengi wao wakitegemea kilimo na mifugo, kalenda inatakiwa ifuate pamba. Kwa sasa kinachowezekana ni mambo mawili: makadirio yanaruhusiwa kurekebishwa katikati ya mwaka ukiona mauzo hayaendi ulivyodhani, na unaweza kuandika barua kuomba kuongezewa muda wa kulipa. Vyote vinataka wewe uende ofisini kabla ya tarehe. Ukienda baada ya tarehe unakwenda kama mdaiwa.

Najua kwa nini watu wa kwetu hawaendi. Wazee wetu wanakumbuka kodi ya kichwa na baadaye kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003. Mgambo walikuwa wanakuja alfajiri, wanaume wanakimbilia porini na kulala kwenye mashamba ya mtama. Mtoto amekulia kwenye nyumba ambayo neno kodi maana yake ni kukimbia. Leo anapata TIN, kitu cha kwanza anachofanya ni kuificha kabatini. Ikaja 2018, Rais Magufuli akatoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu 20 kwa mwaka, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4. Wamachinga wengi walivifurahia kwa sababu ya kitu kimoja: ukionyesha, huguswi. Nani asingependa? Ila kwa kodi ya mapato havikuwafundisha chochote, maana mtu wa chini ya milioni 4 alikuwa hadaiwi hata shilingi tangu mwanzo.

Halafu Juni 2022 Mwigulu Nchemba, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza kwenye bajeti kila Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea apewe TIN. Humu mabwenini ilikuwa gumzo, watu wakidhani wataanza kukatwa boom. TIN si kodi. Ni jina lako kwa namba. Ukiichukua kwa ajili ya leseni ya udereva, ni TIN isiyo ya biashara, haikudai kitu. Ukianza biashara hutafuti TIN nyingine, unakwenda kubadilisha matumizi ya ile ile, mtu mmoja ana TIN moja maisha yake yote. Ndo sababu ya kutoiazimisha. Kujisajili ni bure, ukitozwa hela na kishoka pale nje amekula ya kwako.

Bajeti ya 2019/20 ilileta pia ahueni ya miezi sita kwa mwenye TIN mpya ya biashara kabla ya kuanza kulipa kodi ya makadirio, ili mtu asimame kwanza. Jambo zuri. Wangapi wanalijua? Zipo klabu za kodi kwenye shule za sekondari, na mimi naziunga mkono mia kwa mia, ila napendekeza kitu kimoja kwa walimu wanaozisimamia: acheni ngonjera, wapeni watoto fomu. Wajaze PAYE ya mwalimu wao. Wakadirie kodi ya mama muuza vitumbua hapo getini. Wafunge biashara ya kubuni, waandike barua ya kuifunga, waseme ilifungwa tarehe ngapi na kwa nini. Mtoto wa kidato cha tatu anayejua kuandika barua hiyo, kaka yake hatamweza.

Kuna mdau ataniambia, wewe unahimiza tulipe wakati kila mwaka ripoti ya CAG inatoka na watu wanaliwa hela mchana kweupe. Sina ubishi, na mimi huwa naisoma nikiuma meno. Lakini nimeongelea hela yako wewe: elfu 19 ya dada yangu inayopotea kabla hata haijafika serikalini, na deni la mdogo wa mtu ambaye hakuuza peni. Hizo hazihitaji kusubiri ripoti.

Jamaa yangu nimemsaidia kuandika barua mbili. Moja ya kuomba TIN ile ifungwe kwa upande wa biashara, tumeambatanisha barua ya mwenye nyumba inayoonyesha lini chumba cha stationari kilirudishwa. Ya pili ya kuomba adhabu iangaliwe upya na kilichobaki alipe kidogo kidogo. Kaka amekubali kusaini kama shahidi, baada ya mama yao kuingilia. Ngoja tuone.

Dada yangu naye kapeleka barua kwa mkuu wa shule kuomba ile hati ya mwaka jana na mchanganuo wa ile elfu 30. Ya kistaarabu tu, mistari minne, nakala kabaki nayo na kagongewa muhuri wa kupokelewa. Kajibiwa mhasibu amesafiri. Wiki ya tatu sasa mhasibu bado kasafiri, ila walimu wengine wawili wameomba waone alivyoandika.